Waya ya TV Ilivyogeuka Highway ya Intaneti: Fahamu DOCSIS Kabla Hujalipia Kifurushi Kingine

Saa tatu usiku. Umelipia kifurushi cha nguvu lakini mechi inakwama kila dakika, ile duara inazunguka tu. Saa kumi alfajiri, laini ni ile ile na inapaa kama ndege. Kama intaneti huingia kwa keja yako na waya nene ya TV, yaani koaxia, hiyo shida iko na historia. Twende pole pole.

Ilianza na TV tu

Karibu 1948 huko Marekani, wasee wa sehemu za milima kama Pennsylvania na Oregon hawakuwa wanashika stesheni. Ikawekwa antena moja kubwa juu ya kilima, waya zikateremshwa hadi kwa manyumba. Picha ilikuwa inakuja kwako tu, wewe hurudishi kitu. Kumbuka hiyo, tutaihitaji.

Miaka ya 90, makampuni yakavuta faiba hadi kwa kisanduku cha mtaa kinachoitwa nodi. Kutoka hapo hadi kwako, bado ni koaxia. Nodi moja inaweza kulisha mamia ya nyumba, na wote mnagawana uwezo mmoja. Sasa unaelewa mbona saa tatu usiku ni noma.

DOCSIS ni nini?

Ni sheria zinazofanya modemu yoyote ielewane na mtambo wa kampuni. Zilitoka CableLabs, shirika la utafiti la makampuni ya kebo, na zimepanda hivi:

- 1.0 (1997): Data ilipewa nafasi ya chaneli moja ya TV, megahezi 6. Karibu 40 Mbps za kupakua, na hizo ni za mtaa, si zako peke yako.
- 2.0 (2001): Kupakia kukafika karibu 30 Mbps.
- 3.0 (2006): Chaneli zikaanza kuunganishwa. Ni kama kutoka barabara ya leni moja hadi Thika Road: magari ni yale yale, leni ndizo mob. Chaneli 32 zikishikana, unapita 1 Gbps.
- 3.1 (2013): Hapa gari lenyewe ndilo lilijazwa. Mpigo wa mawimbi uliokuwa unabeba biti 8 sasa unaweza kubeba 12. Kwa karatasi, ni hadi 10 Gbps za kupakua. Lakini waya ikiwa na kutu ama kiungo kimelegea, modemu inashusha abiria na spidi inaanguka.
- 4.0: 10 Gbps za kupakua na hadi 6 Gbps za kupakia.

Mbona kupakia video huchukua milele?

Rudi kwa ile antena ya kilimani. TV ilikuwa imeshika nafasi kubwa ya waya, kwa hivyo njia ya kurudi ikaachiwa kipande kidogo chini: kwa mfumo wa Marekani, megahezi 5 hadi 42. Tena kelele za waya kutoka kila nyumba zinakusanyika hapo hapo. Ndiyo maana unaweza kuwa na 100 Mbps za kupakua na bado klipu yako ya TikTok inatambaa.

4.0 inatibu hii kwa njia mbili. Moja inatumia masafa yale yale kwenda na kurudi kwa wakati mmoja. Nyingine inapanua waya hadi gigahezi 1.8. Comcast ilianza kuwapa wateja 4.0 Oktoba 2023, miji ya kwanza ikiwa Colorado Springs, Atlanta na Philadelphia.

Kabla utoe doo

Uliza modemu unayopewa ni DOCSIS gani. Kifurushi kikubwa kwa modemu ya 2.0 ni kumwaga maji kwa chujio. Uliza spidi ya kupakia, si ya kupakua tu, hasa kama kazi yako ni video ama simu za Zoom. Halafu omba jirani aliyeunganishwa apime laini yake saa tatu usiku, si saa nne asubuhi. Namba ya usiku ndiyo utaishi nayo.

Na kama tayari uko kwa laini, mwite fundi akague viungo na splita kwanza. Unaweza kuwa unalipia spidi inayovujia kwa ukuta wako mwenyewe.