Maudhi ya Dawa na Mzio: Jina Sahihi la Mwasho wa Mofini

Mgonjwa wa saratani anayeanza kunywa mofini anaweza kupata nafuu ya maumivu na mwasho kwa wakati mmoja. Anajikuna pua, uso, shingo, pengine mwili mzima, lakini ukiitazama ngozi yake huoni kipele wala uvimbe, ila michirizi ya kucha zake mwenyewe. Nyumbani watasema dawa imemkataa. Akifika kituo cha afya, huenda kauli hiyo ikavishwa vazi la kitaalamu na kadi yake ikaandikwa kwamba ana mzio wa mofini. Hoja ya makala haya ni kwamba mara nyingi istilahi hiyo si yake. Jina linalostahili ni maudhi ya dawa, na katika mkoa kama Rukwa uchaguzi kati ya majina hayo mawili huamua kama mgonjwa ataendelea kupata usingizi au atarudi kuugulia usiku kucha.

Tuanze na maneno yenyewe. Taaluma ya dawa inahitaji jina la tokeo lisilokusudiwa linaloambatana na dawa iliyotolewa kwa kiwango chake cha kawaida. Wapo wanaoliita athari za pembeni, lakini msikilizaji hubaki akijiuliza ni pembeni mwa nini, na athari yaweza kuwa njema au mbaya. Wapo wanaosema madhara. Neno hilo limetokana na kudhuru, nalo lafaa pale mwili unapoumizwa kweli, kwa mfano diklofenaki inapochimba vidonda vya tumbo. Neno la tatu, maudhi, limezoeleka katika kliniki za uzazi wa mpango, ambako wahudumu huwaeleza akina mama maudhi madogo madogo ya sindano na vidonge kabla hawajavianza. Limetokana na kuudhi: kuna usumbufu, unajulikana, una namna ya kukabiliwa, na dawa bado inafanya kazi yake. Mzio ni neno la ukoo mwingine. Kabla halijachukuliwa na tiba, lilitaja chakula au kitu ambacho mtu hatakiwi kukigusa kwa sababu ni mwiko kwake au humdhuru. Kwa hiyo ndani yake mna amri ya kuepuka, tena ya maisha. Anayeandika mzio kwenye kadi ameipiga dawa marufuku, hata kama nia yake ilikuwa kurekodi mwasho tu.

Katika tiba, mzio maana yake ni kwamba kinga ya mwili imeitambua dawa kuwa adui na kuishambulia. Mwasho wa mofini kwa kawaida hautoki huko. Mofini huweza kuzichokoza moja kwa moja seli za ngozi zinazohifadhi histamini, kemikali inayoleta mwasho, bila kinga kuhusika, na pia hugusa vipokezi vya opioidi, yaani dawa za jamii ya mofini, katika uti wa mgongo na ubongo, mahali ambapo hisia ya kuwashwa hudhibitiwa. Ushahidi wa njia hiyo ya pili ni mzito. Kati ya wanaokunywa mofini, wanaowashwa ni kama 2 hadi 10 katika kila 100. Ila inapochomwa kwenye uti wa mgongo, kama inavyofanyika katika baadhi ya hospitali kwa mama anayejifungua kwa upasuaji, wanaowashwa huwa wengi mno, mara nyingi zaidi ya nusu, ingawa kipimo ni kidogo sana. Aidha naloksoni, dawa inayofunga vipokezi vya opioidi, huutuliza mwasho huo, ilhali naloksoni si tiba ya mzio. Fentanili nayo, ambayo haitoi histamini kama mofini, huwasha vilevile. Hii ndiyo sababu vidonge vya mzio kama Piriton humsaidia huyu na kumwacha yule akiendelea kujikuna.

Watanzania wenye umri wa makamo hawahitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Hadi mwaka 2001 klorokwini ilikuwa dawa ya kwanza ya malaria Tanzania Bara, na mwasho wake ulijulikana kila kaya. Ulianza saa kadhaa baada ya kumeza, ukachomachoma viganja na nyayo kama sindano, ukazidi mtu alipooga, kisha ukaondoka wenyewe baada ya siku mbili tatu bila kuacha alama. Ulikuwa maudhi, makali lakini maudhi. Waliouogopa waliacha dozi katikati na malaria ikabaki mwilini. Mwaka huo huo dawa ya SP, yenye salfa, ilichukua nafasi ya klorokwini, mpaka dawa mseto ya ALu ilipoingia mahali pake mwaka 2006. SP haikuwa na mwasho ule, ila kwa watu wachache sana ilileta ugonjwa wa Stevens-Johnson: malengelenge, midomo na macho kuchubuka, ngozi kubabuka. Aliyepatwa na hayo alipaswa kuandikiwa katazo kwa herufi kubwa na asiguse salfa tena. Dawa mbili, ugonjwa mmoja, na ngozi ileile imetoa habari mbili tofauti kabisa. Anayeziita zote mzio anapoteza maarifa ambayo nchi hii iliyapata kwa gharama.

Uwanda wa Ufipa, mkoani Rukwa, unalifanya suala hili kuwa zito zaidi. Shirika la Afya Duniani liliiweka mofini katika orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977, na katika mwongozo wake wa mwaka 1986 ikawa nguzo ya kutuliza maumivu makali ya saratani. Ni dawa inayodhibitiwa kisheria, haiuzwi kila duka, na mgonjwa wa Matai au Namanyere akifungiwa mlango huo mjini Sumbawanga, hospitali ya rufaa ya kanda iko Mbeya, zaidi ya kilomita 300 kutoka Sumbawanga. Neno moja la haraka linaweza kumgharimu safari hiyo, au kumwacha na parasetamoli peke yake. Tena si kila mwasho wa anayetumia mofini umetoka kwenye mofini. Sumbawanga iko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,800, na upepo baridi wa Juni na Julai hukausha ngozi ya mtu mzima wa afya, sembuse ya mgonjwa aliyekonda. Kwa hiyo yapo ya kuuliza kwanza: mwasho ulianza kabla ya dawa au baada yake? Kuna mwingine nyumbani anayejikuna usiku, dalili ya upele wa kuambukiza? Macho yamekuwa ya njano? Mkojo umepungua? Swali la mwisho lina uzito wa pekee, kwa sababu figo zikidhoofika mabaki ya mofini hujikusanya mwilini, na mwasho unaoandamana na usingizi mzito au misuli kushtukashtuka ni sababu ya kumwona daktari siku hiyohiyo.

Mwasho ukishathibitika kuwa maudhi, kuna mengi ya kufanya. Mgonjwa aoge maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, apakwe mafuta mgando au mafuta safi ya alizeti ngozi ikiwa bado na unyevu, kucha zikatwe, na kitambaa kilichoroweshwa maji ya baridi kiwekwe panapowasha. Kwa wengi hali hupungua baada ya siku kadhaa mwili unapoizoea dawa. Usipopungua, daktari anaweza kupunguza kipimo au kubadili aina ya opioidi. Piriton isiongezwe bila kuuliza, kwa kuwa nayo inalaza, na mofini tayari inalaza. Na aliyeitumia mofini kwa wiki nyingi asiikatishe ghafla, kwani atarudiwa na maumivu pamoja na jasho, kuharisha na mahangaiko.

Mtu anaweza kupinga kwamba neno maudhi linayadogosha mateso ya mgonjwa. Pingamizi hilo lina haki, na lawama iko kwenye ile nyongeza ya madogo madogo. Mwasho unaomnyima mtu usingizi si mdogo, na mhudumu asiupime kwa niaba ya anayewashwa. Iachwe nyongeza, libaki maudhi, liandamane na mpango wa kuyashughulikia. Mwingine atasema kwamba katika zahanati isiyo na maabara ni salama zaidi kuita kila mwasho mzio. Lakini dalili za mzio wa hatari huonekana kwa macho na kusikika kwa masikio: vipele vilivyovimba, midomo au kope kufura, kifua kupiga filimbi, kizunguzungu, kuanguka. Hapo dawa isimamishwe na mgonjwa akimbizwe hospitali bila mjadala. Pasipo dalili hizo, kumnyima mofini mtu mwenye saratani hakumpi usalama wowote. Kunambadilishia hatari ya kukisiwa kwa maumivu ya hakika. Wa tatu atasema istilahi ni mambo ya vitabuni, ilhali mama wa kijijini anamuuguza mumewe kwa Kifipa. Ndiyo maana inatakiwa istilahi inayoelezeka kwa lugha yoyote ya nyumbani. Maudhi yanaelezeka: dawa hii inaweza kukuwasha, haijakukataa, ukiwashwa fanya hivi, ukiona midomo inavimba acha na uje mbio.

Basi mhudumu wa afya aandike alichokiona: mwasho bila vipele, tarehe ulipoanza, kipimo cha mofini, na hatua iliyochukuliwa. Neno mzio alitunze kwa anayestahili. Naye ndugu anayeuguza, akilikuta neno hilo kwenye kadi, aulize lilitokana na dalili gani, na aombe lisahihishwe ikiwa kulikuwa na mwasho peke yake. Maumivu ya saratani yana dawa, na mwasho peke yake si sababu ya kumnyima mtu dawa hiyo.