Kufundisha Kiingereza nje ya nchi: vyeti, kazi, na mitego



Wachungaji wengi wa upande wetu wa mashariki wanafikiwa na ombi la namna moja. Kijana anakuja na simu mkononi, anaonyesha tangazo alilotumiwa kwenye WhatsApp: walimu wa Kiingereza wanatafutwa Asia, mshahara wa dola nyingi, nyumba na tiketi ni bure. Anaomba barua ya ushuhuda. Pengine wazazi wake wanaomba kusanyiko lichange feza za safari. Tufanye nini? Kukataa bila kujua ni kumfungia kijana mlango. Kukubali bila kujua ni kumtuma mahali tusipopajua.

Kwa sababu hiyo tumeandika hapa mambo ambayo kila kijana, mzazi na mchungaji anapaswa kuyajua kwanza. Kazi hii ipo kweli, na watu wengi duniani wanaishi kwayo kwa haki. Lakini milango yake haiko sawa kwa pasipoti zote, na milango mingine ni ya uongo.

Vyeti: kipi kina uzito?

Utasikia majina TEFL na TESOL. Hayo si majina ya shule moja. Yanataja tu kazi ya kuwafundisha Kiingereza watu wenye lugha nyingine. Hakuna ofisi moja duniani inayosimamia majina hayo, na kwa hiyo mtu yeyote anaweza kufungua masomo kwenye intaneti, kuyaita TEFL, na kutoa cheti chenye muhuri mzuri. Ndiyo maana vyeti havilingani.

Vyeti viwili vinajulikana karibu kila mahali. Cha kwanza ni CELTA, kinachotolewa na Cambridge. Cha pili ni CertTESOL cha Trinity College London. Vyote viwili vinasomwa kwa muda wa wiki nne au tano kama mtu anasoma siku nzima, au kwa miezi kadhaa kama anasoma polepole. CELTA ina saa zisizopungua 120 za masomo, na CertTESOL zisizopungua 130. Katika vyote viwili mwanafunzi anafundisha wanafunzi wa kweli kwa muda wa saa sita, huku mwalimu wake akimwangalia na kumsahihisha. CELTA haidai uwe umezaliwa katika Kiingereza. Inadai uwe na miaka 18 au zaidi, masomo yanayokuruhusu kuingia chuo kikuu, na Kiingereza cha juu. Kabla ya kupokelewa unafanya mahojiano.

Bei yake ni kubwa. Mara nyingi inapita dola elfu moja, bila kuhesabu nyumba na chakula. Masomo ya intaneti ya saa 120 ni rahisi zaidi kwa bei, na waajiri wengine wanayakubali. Lakini kabla ya kulipa, uliza maswali matatu. Je, mtu fulani ataniangalia nikifundisha wanafunzi wa kweli? Ni nani wa nje anayekagua masomo haya, na je, yeye mwenyewe anajulikana? Je, mwajiri ninayemtaka anakubali cheti hiki? Swali la tatu ndilo kubwa. Soma kwanza matangazo kumi ya kazi ya nchi unayoitaka, uone wanadai nini, kisha ndipo ulipe.

Kiingereza chako kipimwe

Vijana wengi wanasema, “Ninajua Kiingereza.” Mwajiri atauliza: kwa kiwango gani? Katika kipimo kinachotumiwa sana, kilichotoka Baraza la Ulaya mwaka 2001, kuna ngazi sita: A1, A2, B1, B2, C1 na C2. Kwa CELTA unapaswa kuwa C1 au karibu ya C2. Mtihani wa IELTS unapimwa kutoka 1 mpaka 9, na C1 inaanzia karibu ya 7. Matokeo yake yanahesabiwa kuwa mazuri kwa miaka miwili tu. Kwa hiyo usikimbilie kuufanya mapema. Uufanye wakati nyaraka nyingine zinakaribia kuwa tayari.

Pasipoti yetu inafungua wapi?

Hapa tuseme ukweli, hata kama unauma. Nchi nyingine hazitazami tu ujuzi, zinatazama pasipoti. Korea ya Kusini inatoa viza yake ya kawaida ya walimu wa Kiingereza kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika ya Kusini. Mkongomani mwenye CELTA nzuri hawezi kuivuka orodha hiyo. Mtu akikuahidi kazi ya kufundisha Kiingereza Korea kwa viza hiyo, ujue anakudanganya.

China nayo inapendelea walimu wa lugha wanaotoka nchi ambako lugha hiyo ni ya kuzaliwa, na inadai diploma ya chuo kikuu. Viza ya kazi huko inaitwa Z. Anayeingia kwa viza ya utalii au ya biashara kisha akafundisha anavunja sheria, na akikamatwa, yeye ndiye anayefungwa na kufukuzwa, hata kama ni shule iliyomwambia afanye hivyo.

Nchi nyingine, kama Vietnam, zinatazama zaidi diploma, cheti cha kufundisha na kibali cha kazi kinachoombwa na mwajiri. Lakini hata huko shule nyingi za binafsi zinachagua kwa sura na kwa pasipoti. Shirika la walimu la TESOL International lilitoa tamko mwaka 2006 la kupinga ubaguzi wa walimu wasiozaliwa katika Kiingereza. Tamko si sheria, lakini linatuonyesha kwamba ubaya huu unajulikana, na si kijana wetu aliye na kasoro.

Karibu nasi je? Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Rwanda iliamua mwaka 2008 kufundisha kwa Kiingereza katika shule zake, na Uganda, Kenya na Tanzania zinakitumia tangu zamani. Lakini kuwa jirani hakuondoi sheria. Tanzania inadai kibali cha kazi na kibali cha kukaa. Kenya inadai mwalimu aandikishwe katika tume yake ya walimu. Na huko Kiingereza si adimu: mwalimu wetu atashindana na wenyeji. Pengine nguvu yake itakuwa Kifaransa, kwa kuwa shule nyingi za nchi hizo zinakitafuta.

Nyaraka: jambo la majina

Kwa kawaida utaombwa pasipoti, diploma ya chuo kikuu, cheti cha kufundisha, na hati ya sheria inayoonyesha kwamba hukuhukumiwa. Zile za Kifaransa zitatafsiriwa na mtafsiri aliyeapishwa. Kisha zitathibitishwa na ofisi zetu za serikali na mara nyingi na ubalozi wa nchi unayokwenda. Kazi hiyo inachukua miezi, hasa kwa sisi tulio mbali na Kinshasa.

Mambo mawili yanawakwamisha sana Wakongomani. La kwanza ni majina. Sisi tuna jina, postnom na prénom, lakini fomu za nje zina nafasi mbili tu. Ikiwa diploma ina majina matatu, pasipoti mawili, na cheti cha intaneti moja tofauti, mkaguzi atasema ni watu wawili. Tangu siku ya kwanza andika majina yako yote namna yalivyo katika pasipoti, herufi kwa herufi. La pili ni graduat. Katika mfumo wetu wa zamani graduat ilikuwa miaka mitatu na lisansi ilifuata kwa miaka miwili mingine. Wageni hawajui hayo. Mwenye graduat peke yake aulize mapema kama itakubaliwa. Asingoje mpaka amelipa.

Tufanye hesabu

Tuseme kijana amekopa dola 2500 kwa ajili ya masomo, nyaraka na tiketi. Amepata kazi, na baada ya kula, kulipa nyumba na kutuma kidogo nyumbani, anabakiza dola 200 kwa mwezi. Atahitaji zaidi ya miezi 12 kurudisha deni, bila faida ya mkopeshaji. Mikataba mingi ni ya mwaka mmoja. Maana yake, anamaliza mkataba wa kwanza mikono mitupu. Hiyo haisemi asiende. Inasema asiuze shamba la familia kwa matumaini ya mwaka mmoja.

Mitego

Mwezi wa nane 2023, ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema kwamba watu wapatao 120,000 katika Myanmar na 100,000 katika Kamboja huenda wanashikiliwa kwa nguvu katika nyumba za wizi wa intaneti. Wengi waliitwa kwa matangazo ya kazi nzuri. Walipofika walinyang'anywa pasipoti na kulazimishwa kuwaibia watu kwa simu, na wengine wakapigwa. Mwanzoni mwa 2025 maelfu waliachiliwa karibu na Myawaddy, kwenye mpaka wa Thailand, na kati yao walikuwa Waethiopia, Wakenya na Waganda. Ni majirani zetu hao.

Basi tazameni dalili hizi:

- Mwajiri hakuulizi Kiingereza chako wala hakuhoji, lakini anakuharakisha.
- Unaombwa kulipa ili upate kazi. Kanuni za Shirika la Kazi Duniani zinasema ada ya kuajiri isilipwe na mfanyakazi.
- Unaambiwa uingie kwa viza ya utalii, “tutabadilisha baadaye.”
- Nchi ya tiketi si nchi ya mkataba, au shule haina anwani wala simu inayojibiwa.
- Mtu anataka kushika pasipoti yako. Hata sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu inamkataza mwajiri kufanya hivyo.

Moja tu kati ya hizi inatosha kusimamisha safari.

Kabla kusanyiko halijachanga

Barua ya mchungaji ina uzito, kwa hiyo iandikwe kwa haki. Mchungaji ashuhudie tabia anayoijua, asishuhudie kazi asiyoijua. Kabla ya kuchanga, wazee waombe kuuona mkataba wenyewe, si picha ya tangazo. Mtu anayejua Kiingereza ausome mbele ya wazazi. Mmoja wenu apige simu kwenye shule kwa namba aliyoitafuta mwenyewe, si ile iliyo kwenye tangazo. Kama inawezekana, zungumzeni na mwalimu anayefanya kazi huko sasa.

Anayesafiri aache nyumbani nakala za pasipoti, viza, mkataba na tiketi. Mpatane neno moja la siri ambalo akilitaja kwenye simu, mtajua yuko katika hatari hata kama sauti yake inacheka. Na kijana ajue hivi: akirudi bila kitu, atapokelewa. Wengi wanabaki katika mateso kwa sababu wanaona haya kurudi mbele ya watu waliowachangia.

Kuanzia hapa nyumbani

Mwajiri wa kweli anauliza: umefundisha wapi? Basi kijana aanzie hapa. Vyuo vyetu vya ualimu, yaani ISP, vinafundisha Kiingereza na namna ya kufundisha. Shule ya sekondari, kikundi cha Kiingereza cha vijana, darasa la jioni kwa wafanyabiashara wanaokwenda Kampala: miaka miwili ya kazi hiyo, yenye barua ya mkuu wa shule, inasaidia kuliko cheti kilichonunuliwa kwa siku tatu.

Kufundisha kwa intaneti ni njia nyingine, kama umeme na megabaiti vinaruhusu. Lakini soko lake limebadilika: mwezi wa saba 2021 China ilikataza masomo ya ziada ya watoto yanayofundishwa na walimu walio nje ya nchi, na maelfu ya walimu walipoteza kazi. Usijenge nyumba yote juu ya mteja mmoja.

Tena tusisahau lugha tuliyo nayo. Vyuo vikuu vya Marekani vinafundisha Kiswahili, na mpango wa Fulbright FLTA umepeleka huko walimu vijana kutoka Kenya na Tanzania kufundisha lugha yao wenyewe. Tunalotafuta mbali, pengine tunalisema kila siku sokoni.

Vijana wetu wapendwa, hatuwazuii kwenda. Tunawaomba mwende na macho wazi, na nyaraka zenye jina moja, na watu nyumbani wanaojua mko wapi. Nanyi wazazi na wachungaji, msichoke kuuliza. Kijana akiona maswali yenu ni mengi, ajue ni kwa sababu mnampenda.