Kivukizaji cha kujiundia: waya, utambi na betri ya sigara ya kielektroniki

Msafiri anayetoka Nairobi kwenda Kampala kupitia Malaba au Busia akiwa na sigara ya kielektroniki mfukoni huvuka mipaka miwili kwa wakati mmoja. Upande wa Kenya kifaa hicho ni bidhaa inayotozwa ushuru, na kimetajwa katika Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya mwaka 2015. Upande wa Uganda, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku iliyotungwa mwaka huohuo na kuanza kutumika Mei 2016 inakataza kukiingiza nchini, kukitengeneza, kukisambaza na kukiuza. Kati ya hali hizo mbili kuna kitu ambacho afisa wa forodha hawezi kukitambua kwa urahisi, kwa kuwa hakina nembo wala kisanduku: kipande cha waya mwembamba, fundo la pamba na skrubu mbili tatu. Vitu hivyo vikiunganishwa na mtu anayejua afanyalo, huwa kivukizaji, yaani kiungo kinachogeuza kimiminika chenye nikotini kuwa mvuke.

Makala haya yanaeleza kivukizaji cha aina hiyo kinavyoundwa, kinavyofanya kazi, na mahali ambapo kazi hiyo ya mikono inaweza kumgeuka mwenyewe.

Kifaa chenyewe

Sigara ya kielektroniki ya kisasa inahusishwa na Hon Lik, mfamasia wa China aliyebuni muundo wake mwaka 2003. Tangu hapo maumbo yamekuwa mengi, lakini viungo vya msingi ni vilevile vitatu: betri, kimiminika, na kivukizaji kilicho baina yao. Kimiminika ni mchanganyiko wa propilini glaikoli na glizerini, ukitiwa ladha na, mara nyingi, nikotini. Ndani ya kivukizaji mna utambi unaofyonza kimiminika hicho na waya uliozungushwa juu yake. Anayekumbuka taa ya kibatari ameshaelewa nusu ya kazi: utambi hupandisha mafuta hadi penye joto. Tofauti ni kwamba hapa hakuna mwali. Joto hutoka kwenye waya wenye ukinzani, kama ule wa pasi au jiko la umeme, na kimiminika huchemka badala ya kuungua.

Katika vifaa vya dukani, kivukizaji huja kimefungwa. Utambi ukishaungua, mtumiaji hukitupa na kununua kingine. Gharama hiyo ya kila wiki au kila wiki mbili ndiyo iliyowafanya wapenzi wa kazi za mikono huko Ulaya na Marekani, miaka michache tu baada ya bidhaa hizo kuingia madukani, kuanza kujiundia vivukizaji vinavyoweza kufunguliwa na kufumwa upya. Wengine walivichonga kwa mashine ya kukerezea vyuma. Wengine walitumia mabaki ya vivukizaji vilivyokufa. Baadaye viwanda vya China vilianza kuviuza vitako vilivyo tayari, na mnunuzi akabakiwa na kazi ya waya na pamba pekee.

Kitako ndicho kiini. Ni kisahani cha chuma chenye nguzo mbili, moja ya chanya na nyingine ya hasi. Nguzo ya hasi imeshikana na kisahani chenyewe. Ile ya chanya hupita katikati kwenye tundu, ikiwa imezungukwa na kihami ili isiguse chuma kingine, na kushuka hadi kwenye ncha ya betri. Chini ya kitako kuna hesi ya kukifunga kwenye betri. Iliyoenea zaidi duniani huitwa 510, kwa sababu ina mizunguko 10 yenye nafasi ya milimita 0.5 kutoka mmoja hadi mwingine. Kile kihami kidogo, pete isiyozidi ukubwa wa punje ya mahindi, ndicho kinachotenganisha mvuke na mlipuko. Kikiyeyuka au kikipasuka, nguzo ya chanya hugusa kitako na betri huwa na njia fupi ya kumwaga umeme wake wote. Ndiyo sababu watengenezaji makini hutumia Teflon, inayostahimili takriban nyuzi joto 260, wala si kipande cha plastiki kilichokatwa kwenye chupa.

Hesabu ya waya

Mtu anayejiundia kivukizaji huzungusha waya kwenye kijiti cha keekee chenye kipenyo cha milimita 2 au 3, huufunga kwenye nguzo kwa skrubu, kisha hupitisha pamba katikati ya mizunguko. Kazi ya mikono huishia hapo. Iliyobaki ni hesabu, na hesabu hiyo huanzia kwenye kanuni ya Ohm anayofundishwa mwanafunzi wa sekondari: mkondo wa umeme ni volti kugawanywa kwa ukinzani.

Chukua waya wa Kanthal, ambao ni aloi ya chuma, kromiamu na alumini, wenye unene wa milimita 0.32. Kila mita ya waya huo ina ukinzani wa takriban omu 18. Sentimita 8 zitatoa kama omu 1.4. Betri ya lithiamu iliyojaa huwa na volti 4.2, mkondo utakuwa ampea 2.9 hivi na nguvu wati 12. Hayo ni matumizi ya kawaida ambayo betri nyingi nzuri huyamudu bila kutokwa jasho.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Waya uwe wa aloi ileile na urefu uleule, ila unene uwe milimita 0.6, mithili ya ule unaoweza kupatikana kwenye jiko la umeme lililoharibika. Ukinzani unashuka hadi omu 0.4 na mkondo unapanda kupita ampea 10. Kwa macho, tofauti ya nyaya hizo mbili ni ndogo. Kwa betri, mzigo umeongezeka zaidi ya mara tatu. Aina ya chuma nayo ina neno lake: waya wa nikeli na kromiamu wa unene na urefu wa mfano wa kwanza hutoa omu 1.1, na wa chuma kisichoshika kutu takriban omu 0.75. Mtu asiyejua jina la waya alioununua kwa fundi hawezi kuikokotoa hesabu hii. Itambidi apime, na multimita za bei nafuu nyingi hazipimi kwa uhakika ukinzani ulio chini ya omu moja, kwa kuwa nyaya zake zenyewe zina ukinzani wa kiasi hicho cha kukosea.

Kuna wanaopenda mawingu mazito ya mvuke, nao hushusha ukinzani makusudi hadi omu 0.2 au chini yake. Katika omu 0.2, betri iliyojaa hutakiwa kutoa ampea 21.

Betri isiyo na mlinzi

Vifaa vingi vya dukani vina saketi inayopima ukinzani kabla ya kuruhusu umeme upite. Ikikuta njia fupi, hukataa kuwaka. Lakini vipo vifaa vya kimakanika, ambavyo ni bomba la chuma na kitufe tu: ukibonyeza, betri na waya vimeunganishwa moja kwa moja. Vivukizaji vya kujiundia vilikua pamoja na mabomba hayo, na hapo ndipo majukumu ya kiwanda yanapohamia kwa mtumiaji. Yeye ndiye saketi.

Betri inayotumika sana ni ile ya 18650, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Si ngeni Afrika Mashariki. Imo ndani ya tochi, taa za sola, benki za umeme za simu na kompyuta mpakato. Ugeni uko kwenye uwezo wake. Betri iliyotolewa kwenye kompyuta kuukuu iliundwa kutoa ampea chache kwa saa kadhaa. Ikilazimishwa kutoa 20 kwa sekunde chache hupata joto kutoka ndani, na joto likipita kiwango fulani mchakato wa kikemia hujiendesha wenyewe: gesi hujaa, ganda hupasuka, moto hufuata. Katika bomba lililozibwa pande zote, gesi hiyo hutafuta njia kama risasi katika mtutu.

Maandishi ya ganda si ushahidi. Betri za 18650 zilizoandikwa milliampea-saa 9,900 huuzwa kote duniani, hali zile bora za watengenezaji wanaoaminika huwa karibu na 3,500. Anayedanganya kuhusu ujazo hana sababu ya kusema kweli kuhusu mkondo, na hilo linamhusu hata asiyevuta chochote ila amenunua tochi.

Idara ya Zimamoto ya Serikali Kuu ya Marekani ilihesabu matukio 195 ya moto na milipuko ya sigara za kielektroniki yaliyoripotiwa nchini humo kati ya mwaka 2009 na 2016. Watu 133 waliumia, 38 kati yao vibaya sana. Matukio 61 yalitokea kifaa au betri ya akiba ikiwa mfukoni, mahali ambapo sarafu au funguo zinaweza kuunganisha ncha mbili za betri isiyofunikwa. Ripoti hiyo haikuwa na kifo. Mei 2018, mwanamume wa miaka 38 alikufa mjini St. Petersburg, Florida, kifaa chake kilipolipuka. Mwanzoni mwa 2019, kijana wa miaka 24 huko Fort Worth, Texas, alikufa baada ya vipande vya kifaa kukata mshipa wa shingo.

Kinachoingia mapafuni

Hatari ya pili haina kishindo. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichapisha uchunguzi wa vifaa vya watumiaji 56. Kimiminika kilichokuwa bado ndani ya chupa kilikuwa na metali kidogo; kilichokwisha kugusa waya wa moto, pamoja na mvuke wake, kilikuwa na viwango vya juu zaidi vya madini kama nikeli, kromiamu na risasi. Hivyo vilikuwa vifaa vya watu waliozoea, vyenye sehemu za kiwandani. Anayechonga kitako chake kwa shaba ya njano anafaa kujua kwamba aina nyingi za shaba hiyo hutiwa risasi ili ichongeke kwa wepesi. Anayeunga waya kwa kulehemu, kama mafundi wa redio wafanyavyo, huenda anaweka risasi na bati mahali pa moto. Kwa sababu hiyo waya hubanwa kwa skrubu, haulehemwi.

Joto lenyewe pia hutengeneza sumu. Propilini glaikoli huchemka kwenye nyuzi 188 na glizerini kwenye nyuzi 290. Maadamu utambi umelowa, waya haupandi mno juu ya hapo. Utambi ukikauka, waya huwa mwekundu, pamba hubabuka, na vimiminika hivyo huvunjika na kutoa fomaldehaidi. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walioandika katika jarida la New England Journal of Medicine waliikuta kemikali hiyo kwa wingi kifaa kilipoendeshwa kwa volti 5, na hawakuiona kwa volti 3.3. Wapinzani wao walijibu kwamba hakuna mvutaji anayestahimili ladha ya utambi uliokauka kiasi hicho. Hoja hiyo ina uzito, ingawa inamtaka mtumiaji aufanye ulimi wake kuwa kipimo cha usalama.

Kimiminika cha kujichanganyia ni suala linaloweza kujaza makala yake lenyewe. Itoshe kutaja mawili. Mafuta, yawe ya kupikia au ya kunukia, hayafai kuvukizwa: maradhi ya mapafu yaliyoikumba Marekani mwaka 2019, ambayo hadi Februari 2020 yalikuwa yamewafikisha hospitalini au kuwaua watu 2,807, vifo vikiwa 68, yalihusishwa sana na mafuta ya vitamini E yaliyotiwa katika vimiminika vya bangi vya magendo. Nayo nikotini isiyozimuliwa hupenya ngozi, na kiasi kidogo kinaweza kumdhuru vibaya mtoto akikinywa. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2014, uliweka kikomo cha miligramu 20 za nikotini kwa mililita, chupa zisizozidi mililita 10 na vifuniko ambavyo mtoto hawezi kuvifungua. Chupa iliyojazwa jikoni haina kimojawapo.

Sheria za jirani

Sheria kuu ya Kenya ya kudhibiti tumbaku ni ya mwaka 2007, na iliandikwa kabla vifaa hivi havijawa bidhaa ya kawaida sokoni. Ushuru wa mwaka 2015 uliitambua sigara ya kielektroniki kama chanzo cha mapato. Waya wa Kanthal na pamba vikiuzwa peke yake ni waya na pamba.

Nchini Uganda, Mahakama ya Katiba mwaka 2019 ilitupilia mbali kesi ya kampuni ya BAT Uganda iliyopinga vifungu kadhaa vya sheria ya 2015, na sheria ikabaki ilivyo. Neno la kuangaliwa na mafundi ni kutengeneza. Katazo haliwalengi waagizaji wa makontena pekee: anayefungua karakana ya kuunda vifaa hivi Kampala au Jinja amegusa kitendo kilichotajwa kwa jina.

Kwa wanaosafiri kwa ndege, kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinataka sigara za kielektroniki na betri za akiba zibebwe na abiria ndani ya ndege, si katika mizigo inayopelekwa chini, na zinakataza kuzichaji safarini. Betri za akiba hufunikwa ncha zake au kutiwa katika kijaluba cha plastiki. Abiria wa Nairobi anayefuata kanuni hizo atapanda ndege bila tatizo. Akiteremka Entebbe, swali linabadilika: betri yake ni halali, na kifaa kilichounganishwa nayo kinakatazwa kuingizwa nchini.