Nyumba Yako, Ardhi ya Nani?

(Muziki wa kufungua. Unafifia.)

MTANGAZAJI: Leo katika historia tunaongea juu ya nyumba.

Sensa ya Uganda ya Mei 2024 ilitaka kujua pia: nyumba mnayokaa ni yenu, au mnapanga? Mjini Mbarara swali hilo ni jepesi. Mpangaji anamjua mwenye nyumba, maana mwisho wa mwezi anabisha hodi. Hapa kwetu ni gumu. Matofali ulifyatua mwenyewe, mabati ulinunua kwa pesa ya mahindi yako. Lakini kiwanja je?

Turudi nyuma. Nakivale ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa ajili ya Watutsi waliokimbia Rwanda. Walijenga, wakafuga, wakazaa, wakazika wazee wao hapa.

Oktoba 1982, watu wenye asili ya Rwanda walifukuzwa katika vijiji vya Mbarara na jirani zake. Nyumba zilibomolewa, ng'ombe wakachukuliwa. Wengine walikuwa raia wa Uganda kabisa, kwenye mashamba yao. Makumi ya maelfu walikimbia: wengine walivuka kwenda Rwanda, wengine wakaingia Nakivale na Oruchinga.

Mwaka 1994, baada ya vita vya Rwanda, wengi wa wakimbizi wale wa zamani walirudi kwao. Nyumba zikabaki tupu, mashamba yakabaki bila mwenyewe. Lakini hapa kiwanja kitupu hakikai. Wenyeji waliingia kulima na kuchunga. Wakaja pia wakimbizi wapya kutoka Rwanda, na baadaye sisi wengine kutoka Kongo, Burundi na Somalia. Huenda shamba unalolima leo lilishalimwa na familia mbili au tatu kabla yako.

Sheria inasemaje? Katiba ya 1995 inasema ardhi ya Uganda ni ya raia wa Uganda. Asiye raia anaweza kuikodi kwa miaka fulani tu. Kisha ikaja Sheria ya Wakimbizi ya 2006, na kanuni zake za 2010. Kanuni zinampa mkimbizi aliye kambini ruhusa ya kulima na kuchunga bure kwenye ardhi aliyogawiwa. Ila hana haki ya kuiuza wala kuikodisha.

Sasa sikilizeni vizuri. Jirani amepata safari ya Marekani, au anahamia Mbarara. Anakwambia, "Ndugu yangu, nipe pesa kidogo, nyumba na kiwanja vibaki kwako." Mnaandikiana karatasi, mashahidi wanaweka sahihi. Anaondoka. Baadaye kiwanja kile kinagawiwa familia iliyofika juzi. Karatasi yako haitakusaidia, kwa sababu aliyekuuzia hakuwa na haki ya kuuza. Na yeye yuko mbali, simu haipatikani.

Kwa hiyo, mama, baba, kijana mwenzangu: kabla ya kutoa hata shilingi moja, nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, kisha kwenye ofisi ya wakimbizi ya OPM. Uliza kiwanja kile kimeandikwa kwa jina la nani. Na wewe unayeondoka, toa taarifa hukohuko. Usimwachie jirani yako deni la matumaini.



(Muziki wa kufunga.)