Nani ameandika hizo nyota tano? Historia fupi ya malalamishi ya wateja Kenya

Uzi. Kila mara mswada wa kudhibiti mitandao unapotajwa kwenye mdahalo, tunagawanyika pande mbili kabla hata hatujausoma. Hawa wanasema biashara na majina ya watu yanaharibiwa kwa uongo. Wale wanasema wakubwa wanataka tunyamaze. Mimi naona kila upande una kipande cha ukweli, na historia yetu wenyewe inaonyesha kwa nini. Twende polepole.

Kabla ya simu hizi, mteja aliyekasirika alikuwa na gazeti. Wasomaji wa Daily Nation wanaijua safu ya Cutting Edge. Mtu analalamika kuhusu stima, maji au benki, na jina lake linachapishwa, mara nyingi pamoja na anwani yake. Kampuni inajibu hapo hapo, ama inanyamaza na nchi nzima inaona imenyamaza. Kasoro ilikuwepo: nafasi ni ndogo, na mhariri ndiye anaamua nani asikike. Lakini angalau kulikuwa na mtu wa kuulizwa. Intaneti ilifungulia kila mtu mlango, ikamfuta kazi bawabu.

Sasa, kuna jambo ambalo watu husahau. Ushuhuda unaweza kuwa wa kweli kabisa na bado ukakumaliza. Kumbukeni 2006 na 2007, miaka ya miradi ya piramidi. Matangazo yalikuwepo, ndio, lakini aliyekuaminisha ni jirani, mwalimu mwenzako, mtu mnayeimba naye kwaya. Aliweka pesa, akalipwa. Hakuwa anadanganya! Alilipwa kweli, kwa pesa za waliokuja nyuma yake. Jopo la serikali lililochunguza mambo hayo liliripoti mwaka 2009 kwamba Wakenya walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8. Hapo hakukuwa na akaunti feki hata moja.

Ndiyo maana swali langu la kwanza nikisoma sifa za kampuni ni hili: huyu ameandika akiwa hatua gani? Angalia kampuni za kuuza ploti. Chini ya tangazo utakuta watu wanashukuru kwamba walipokelewa vizuri, wakapelekwa kuona shamba kwa gari la bure, wakapewa na soda. Sawa, lakini hiyo ni sifa ya dereva. Mimi namtafuta aliyelipa miaka miwili iliyopita na sasa ana hatimiliki mkononi. Huyo akikosekana kati ya sifa mia, nimeshajibiwa.

Upande wa malalamishi nao una hadithi yake. Tarehe 6 Februari 2017, Mahakama Kuu Nairobi ilitoa uamuzi katika kesi ya watu wawili walioshtakiwa kwa machapisho ya Facebook kwenye ukurasa ulioitwa Buyer Beware-Kenya. Jina lenyewe ni onyo kwa mnunuzi. Walikuwa wameshtakiwa chini ya kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kumchafulia mtu jina kuwa kosa la jinai, na jela yake ilikuwa hadi miaka miwili. Mahakama haikuamua kama waliyoandika yalikuwa kweli ama uongo. Ilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba, na aliyechafuliwa jina ana njia ya kesi ya madai. Yaani anaweza kukudai fidia, lakini si kukufunga.

Mwaka uliofuata ikaja sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018, na kuchapisha habari za uongo kukawa na faini ya hadi shilingi milioni 5. Vifungu 26 vilisimamishwa kwanza, kisha Februari 2020 Mahakama Kuu ikasema sheria hiyo ni halali. Sasa jiweke kwa viatu vya mtu aliyetapeliwa elfu thelathini. Ana risiti moja na jumbe za simu. Atathubutu kuandika?

Anayelipwa kusifu hana wasiwasi huo. Mwaka 2021 watafiti wa Mozilla walichapisha ripoti kuhusu hashtegi za kulipiwa hapa Kenya. Walihesabu kampeni 11, akaunti kama 3,700 na tweet zaidi ya 23,000. Vijana walipangwa kwenye makundi ya WhatsApp, wakapewa cha kuandika, wakalipwa kati ya dola 10 na 15. Zile zilikuwa kampeni za siasa, zikiwalenga hata majaji na wanaharakati. Lakini mbona soko hilo likome kwenye siasa? Mwenye akaunti kumi za kukodi hajali kama leo anasukuma mswada na kesho sabuni.

Na mtandao haukagui sana. Huko London mwaka 2017, mwandishi mmoja, Oobah Butler, alisajili kibanda cha bustani yake kwenye TripAdvisor kama mkahawa. Marafiki zake wakaandika sifa, na kibanda kikapanda hadi nambari moja jijini. Hakikuwa kimeuza hata sahani moja.

Mbinu zangu si za kitaalamu. Sifa nyingi zikiingia ndani ya siku tatu, kwa maneno yaleyale, naziruka. Lalamiko likitaja tarehe, tawi na kiasi, halafu likaeleza kampuni ilijibu nini, nalipa uzito hata kama Kiswahili chake kimejaa hasira. La "hawa ni wezi" tu linaweza kuwa la mshindani. Kisha natazama majibu ya kampuni. Ile inayomwambia kila mtu "njoo inbox" bila kumaliza jambo hata moja hadharani, naiogopa kuliko yenye nyota tatu.

Haki tunazo: Kifungu cha 46 cha Katiba, na sheria ya kuwalinda wateja ya 2012, ambayo inahesabu maelezo ya uongo kuhusu bidhaa kuwa mwenendo usio wa haki. Marekani mwaka 2024 ilitunga kanuni inayotaja waziwazi sifa feki na kuzipiga marufuku. Kwa hivyo mgombea akija kwenu na mswada wa kuwaadhibu wanaochafua majina mtandaoni, muulizeni ni ukurasa gani wa mswada huo unaomhusu anayelipa watu waandike sifa.