Gia za mkono au otomatiki: Gari lipi lafaa milima ya Kasulu na Kibondo?

DEREVA anayetoka Kigoma Mjini kwenda Kasulu, na kuendelea hadi Kibondo, huanza safari karibu na Ziwa Tanganyika, lililo katika mwinuko wa takriban mita 770 kutoka usawa wa bahari, na kupanda hadi nyanda za juu zinazozidi mita 1,000. Njiani hupanda, hushuka na kupanda tena. Kila mlima humdai uamuzi ule ule: atumie gia ipi.

Kwa miaka mingi uamuzi huo ulifanywa kwa mkono wa kushoto wa dereva na mguu wake uliokanyaga klachi. Leo, katika magari mengi madogo yaliyotumika yanayoingizwa nchini kutoka Japani, uamuzi huo hufanywa na gari lenyewe. Miongoni mwake yamo magari yenye nguvu na umbo la kuvutia, kama Toyota Mark X, Toyota Altezza na Subaru Impreza, ambayo vijana wengi huyaita magari ya spoti.

Mabadiliko hayo yameibua mjadala wa muda mrefu kati ya wapenzi wa gia za mkono, maarufu kama manyuali, na wapenzi wa otomatiki. Katika nchi zinazotengeneza magari hayo, mjadala huhusu kasi na raha ya kuendesha. Katika milima ya Kasulu na Kibondo unahusu mambo mazito zaidi: usalama kwenye miteremko, gharama za matengenezo, na uwezekano wa gari kufika liendako wakati wa mvua.

Mifumo inavyofanya kazi

Katika gari la manyuali, injini huunganishwa na gia boksi kwa sahani ya klachi. Dereva akikanyaga klachi muungano huo hukatika, naye hupata nafasi ya kubadili gia. Akiachia klachi, nguvu ya injini huenda moja kwa moja kwenye magurudumu. Hakuna nguvu nyingi inayopotea njiani, na dereva ndiye mwenye kauli ya mwisho.

Gari otomatiki la kawaida halina kanyagio la klachi. Badala yake lina konveta, chombo kilichojaa mafuta maalumu ambacho hupokea mzunguko wa injini na kuupeleka kwenye gia boksi kwa msukumo wa mafuta hayo. Gia huchaguliwa kwa presha ya mafuta, na katika magari ya kisasa kompyuta ndiyo hutoa amri. Mfumo wa otomatiki uliofanikiwa kwanza kuuzwa kwa wingi ni Hydra-Matic wa kampuni ya General Motors ya Marekani, uliowekwa katika magari ya Oldsmobile ya toleo la mwaka 1940.

Aina nyingine ni CVT, ambayo haina ngazi za gia. Mkanda hupita katika puli mbili zinazobadilika upana, hivyo uwiano wa mzunguko huongezeka au kupungua bila kukatika. Kampuni ya DAF ya Uholanzi ilianza kuuza gari la mfumo huo mwaka 1958. Siku hizi CVT imo katika magari madogo mengi ya Kijapani.

Aina ya nne ni gia boksi ya klachi mbili. Klachi moja hushughulikia gia za witiri na nyingine gia za shufwa, na gia inayofuata huwa tayari imekwishaandaliwa kabla ile ya kwanza haijaachiwa. Volkswagen iliingiza mfumo huo katika gari la kuuzwa kwa umma, Golf R32, mwaka 2003. Mfumo huo ndio uliobadilisha hatima ya magari ya spoti duniani.

Spoti zilivyoiacha klachi

Hadi miaka ya 1980, gari la spoti lenye gia otomatiki lilionekana kuwa na kasoro. Otomatiki za wakati huo zilikuwa nzito, zilichelewa kubadili gia na zilitumia mafuta mengi zaidi.

Dalili za mabadiliko zilionekana mwaka 1989, pale Nigel Mansell aliposhinda mashindano ya Formula 1 ya Brazil akiwa na gari la Ferrari lililobadilishwa gia kwa vibonyezo vilivyokuwa nyuma ya usukani. Mwaka 1997 Ferrari iliweka teknolojia ya namna hiyo katika gari la barabarani, F355. Mwaka 2007 Nissan ilizindua GT-R mpya ambayo haikuwa na chaguo la gia za mkono kabisa.

Takwimu za watengenezaji zinaonyesha sababu. Porsche 911 GT3 iliyotoka mwaka 2021 huchukua sekunde 3.4 kufikia kilomita 100 kwa saa ikiwa na klachi mbili. Gari hilo hilo likiwa na gia za mkono huchukua sekunde 3.9. Nusu sekunde hiyo haitokani na uzembe wa dereva. Mkono wa binadamu hauwezi kushindana na mashine ambayo gia yake inayofuata imekwisha kuandaliwa.

Hata hivyo, manyuali haikufa. Porsche iliiondoa katika GT3 mwaka 2013, kisha ikairejesha mwaka 2017 baada ya wateja kuidai. Toyota nayo ilizindua Supra mwaka 2019 ikiwa otomatiki pekee, na mwaka 2022 ikaongeza toleo la gia za mkono. Wanunuzi hao walijua kuwa wanachagua gari linalochelewa kidogo. Walichokitaka ni kuliendesha wenyewe.

Funzo la Safari Rally

Afrika Mashariki imekuwa uwanja wa majaribio ya magari ya spoti tangu mwaka 1953, mashindano yaliyokuja kuitwa Safari Rally yalipoanzishwa yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi Lancer. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda akiwa na Subaru Impreza, ushindi uliozidisha umaarufu wa gari hilo katika ukanda huu.

Mashindano hayo yaliporejea katika ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, huko Naivasha, magari ya daraja la juu yalibadilishwa gia kwa kibonyezo cha kwenye usukani. Mwaka uliofuata kanuni mpya za daraja la Rally1 ziliondoa vibonyezo hivyo na kurejesha mtaimbo wa mkono katika gia boksi ya ngazi 5, sehemu ya jitihada za kurahisisha magari na kupunguza gharama.

Kwa hiyo hata katika kilele cha mchezo wenyewe, wakubwa wa mashindano waliwahi kurudi nyuma hatua moja kwa sababu ambayo fundi wa Kasulu angeielewa mara moja: kisicho na mambo mengi ni rahisi kukitengeneza.

Kutoka mkonga hadi Mark X

Katika wilaya za Kasulu na Kibondo, manyuali ilijijengea heshima kupitia Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ambayo Watanzania huiita mkonga. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kupokea wakimbizi kutoka Kongo, na kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015 kupokea Warundi. Mashirika ya misaada yalitegemea magari ya aina hiyo, yenye injini ya dizeli na gia tano za mkono, kupita katika barabara za udongo mwekundu.

Magari ya watu binafsi yamefuata mkondo mwingine. Mark X, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 2004 hadi 2019, ina injini ya silinda sita na, isipokuwa matoleo machache maalumu, ni otomatiki. Altezza ya silinda nne, RS200, ilipatikana kwa gia sita za mkono au kwa otomatiki. Subaru Impreza WRX zilikuja kwa aina zote mbili, lakini WRX STI karibu zote ni za mkono.

Aidha, ujenzi wa kiwango cha lami wa barabara ya Kabingo–Kibondo–Kasulu–Manyovu, yenye urefu wa takriban kilomita 260, ambao Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha zake mwaka 2018, umebadilisha hesabu za wanunuzi. Penye lami gari la chini hupita bila shida. Lakini lami haiondoi mlima; humruhusu dereva kuushuka kwa kasi kubwa zaidi.

Hatari iko kwenye mteremko

Hapo ndipo tofauti kati ya mifumo miwili huwa suala la uhai. Gari linaposhuka likiwa katika gia ndogo, magurudumu huisukuma injini, nayo injini huyapinga. Upinzani huo hulishika gari bila breki kutumika mfululizo. Dereva wa manyuali hulijua jambo hili tangu siku za mafunzo: teremka kwa gia ile ile ambayo ungepandia.

Dereva wa otomatiki mara nyingi huacha mtaimbo katika herufi D tangu anapoondoka hadi anapofika. Anapoondoa mguu kwenye mafuta mteremkoni, gia boksi nyingi za zamani hudhani kuwa gari limepata wepesi na kupandisha gia. Injini hukosa nguvu ya kulizuia gari, na kazi yote huangukia breki. Breki zikitumika mfululizo katika mteremko mrefu hupata moto, mafuta yake yanaweza kuchemka, na kanyagio likazama bila gari kusimama.

Kinga imo ndani ya gari lenyewe. Karibu kila otomatiki ina nafasi za 3, 2, L, S au B, au alama za kujumlisha na kutoa zinazomwezesha dereva kushusha gia kwa mkono. Nyingine zina kitufe cha kuzuia gia ya juu kabisa. Nafasi hizo ziliwekwa kwa ajili ya milima, lakini madereva wengi hawajawahi kuzigusa. Zinapaswa kuchaguliwa kabla ya kuanza kushuka, wakati gari lingali katika mwendo mdogo.

Desturi ya kuweka nyutro mteremkoni kwa nia ya kuokoa mafuta ni hatari kwa aina zote mbili za magari. Tena haina faida: injini za kisasa hukata mafuta zenyewe gari linapoteremka likiwa kwenye gia bila dereva kukanyaga mafuta.

Matope, betri na kuvutwa

Mvua katika nyanda hizi hunyesha kwa kawaida kuanzia Oktoba au Novemba hadi Mei. Penye utelezi, dereva wa manyuali huondoka kwa gia ya pili na kuachia klachi taratibu ili magurudumu yasizunguke bure. Wengi hawajui kuwa Mark X na ndugu zake wana kitufe kilichoandikwa SNOW, kilichokusudiwa theluji ya Japani. Kitufe hicho hulainisha uondokaji, na hufaa vilevile katika tope.

Betri ikifa porini, manyuali ina nafuu kubwa: watu wachache husukuma, gari hutiwa gia ya pili, klachi huachiwa na injini huwaka. Otomatiki haiwezi kuwashwa hivyo, kwa kuwa pampu inayotoa presha ya mafuta huendeshwa na injini yenyewe. Dereva wake hana budi kubeba waya za kuazima umeme wa betri nyingine.

Kwa sababu hiyo hiyo, kulivuta gari otomatiki kwa kamba safari ndefu, injini ikiwa imezimwa, kunaweza kuliharibu. Gia boksi huzunguka bila kulainishwa. Njia salama ni kuyainua magurudumu yanayosukuma gari, au kulipakia gari zima kwenye lori.

Klachi huisha, gia boksi hufa

Kwa upande wa matengenezo, sahani ya klachi ni kifaa cha kuisha. Ikiisha, gari huanza kupoteza nguvu mlimani, na fundi wa kawaida anaweza kuibadilisha kwa zana alizonazo. Gia boksi ya otomatiki ikiharibika huhitaji zana na ujuzi maalumu, na mara nyingi mwenye gari huishia kununua boksi nzima iliyotumika.

Uharibifu mwingi huanzia kwenye mafuta. Mafuta ya otomatiki ya kawaida si mafuta ya CVT, na kuyachanganya kunaweza kuiua CVT. Vilevile, boksi inayopanda milima ikiwa na mzigo hupata joto kali, na joto huchakaza mafuta. Mafuta mazima huwa maangavu. Yakiwa meusi na kunuka kuungua, ni dalili ya hatari.

Kabla ya kununua

Mnunuzi wa Kasulu au Kibondo anashauriwa kulijaribu gari mlimani, si kwenye uwanja tambarare wa muuzaji. Otomatiki isichelewe kushika gia wala kushtuka inapobadilisha. Manyuali isipandishe mngurumo wa injini bila mwendo kuongezeka, kwani hiyo ni dalili kuwa klachi imekwisha. Aidha, aulize mapema ni fundi gani wa karibu anayeijua boksi hiyo, na kama mafuta yake yanapatikana mjini.

Mwaka 2023 Toyota yenyewe ilianza kuuza Land Cruiser ya mfululizo wa 70 yenye otomatiki ya ngazi 6, ishara kwamba hata mkonga imeanza kuiaga klachi. Anayehama kutoka manyuali kwenda otomatiki anaweza kusahau kanyagio la tatu. Asichopaswa kukisahau ni kuchagua gia ndogo kabla ya mteremko, kwa kuwa kompyuta nyingi za magari yaliyotumika hazijui kuwa mbele kuna kona, na chini ya kona kuna mto.