Ngumi za Ukoo wa Chen

Katika kijiji cha Chenjiagou, wilaya ya Wen, mkoa wa Henan nchini China, aliishi mwalimu wa ngumi aitwaye Chen Changxing. Alizaliwa mwaka 1771, akafariki 1853, na majirani walimpachika jina la Bwana Kibao. Kibao chenyewe ni kile ambacho Wachina huandika juu yake majina ya wahenga, wakakisimamisha wima madhabahuni. Husimuliwa kwamba hata katikati ya umati uliokuja kutazama maonyesho, watu wakisukumana huku na huku, Chen Changxing alibaki wima, miguu haikutoka pale ilipo, na waliomgonga ndio walioyumba.

Wakati huo ngumi za ukoo wake, ambazo leo tunaziita taichi, zilikuwa zimeshapita mikononi mwa vizazi kadhaa. Wazee wa Chenjiagou huanza kuhesabu nasaba kwa Chen Bu, aliyetoka Hongtong, mkoa wa Shanxi, karne ya 14, siku ambazo utawala mpya wa Ming ulikuwa ukihamisha watu kwenda kujaza ardhi iliyoachwa tupu na vita. Kizazi cha tisa kilimpata Chen Wangting, askari aliyewahi kuongoza wanamgambo wa wilaya yake. Ming ilianguka mwaka 1644. Akarudi shambani, na baina ya jembe na vitabu akazipanga upya mbinu alizozitumia maisha yake yote. Mengi aliyachukua katika kitabu cha jenerali Qi Jiguang, aliyewapiga maharamia wa pwani ya China karne ya 16. Mtafiti Tang Hao alikwenda kijijini hapo miaka ya 1930, akalinganisha, akaona kuwa kati ya mikao 32 ya jenerali, 29 imo katika ngumi za Chen. Juu ya mikao hiyo ya kiaskari Chen Wangting aliongeza mazoezi ya pumzi ya Watao na elimu ya waganga kuhusu njia ambazo nguvu hupitia mwilini.

Wapo wanaompa heshima ya kuanzisha ngumi hizi Zhang Sanfeng, mtawa wa mlima Wudang, ati alitazama nyoka akipigana na ndege, akagundua taichi. Hadithi ni tamu, ila mimi siikubali. Maandishi yanayomhusisha mtawa huyo na taichi yalikuja karne nyingi baada ya zama zake, ilhali Chenjiagou wana watu, makaburi na kitabu cha nasaba.

Siri ya ukoo haikutoka nje kwa muda mrefu. Aliyeitoa ni Yang Luchan, kijana maskini wa Yongnian, mkoa wa Hebei, aliyezaliwa mwaka 1799. Simulizi za kwao zinasema alikuwa mtumishi, akachungulia mafunzo ya usiku kupitia upenyo wa ukuta, akajifunza kimyakimya mpaka siku aliyoitwa kupimana nguvu na wanafunzi wa nyumbani, akawaangusha. Habari za kuchungulia siwezi kuziapia. Lililo wazi ni kwamba Chen Changxing alimfundisha mtu asiye wa damu yake, na kwa tendo hilo moja tarehe ya taichi ikageuka. Lau Bwana Kibao angekataa, huenda leo ngumi hizi zingejulikana katika vijiji viwili vitatu tu.

Alichojifunza Yang ni kitu gani? Hapa inafaa tusimame kidogo, maana ndipo wengi wanapopita haraka. Watu wawili husimama wakielekeana, mguu wa mbele wa huyu ukiwa kando ya mguu wa mbele wa yule, vifundo vya mikono vimegusana. Mmoja anasukuma kifuani. Asiyejua hukaza mabega na kurudisha msukumo, na hapo mwenye nguvu zaidi ndiye mshindi. Anayejua taichi hafanyi hivyo. Mkono wake unabaki na uhai kidogo, haulegei ukaanguka wala haukazi. Anakaa chini kwenye nyonga, uzito unahamia mguu wa nyuma, kiuno kinageuka upana wa viganja viwili hivi, na ule msukumo unapita pembeni kwa njia yake wenyewe. Aliyesukuma anajikuta ameinamia pasipo na kitu. Sasa anaongezewa nguvu kidogo tu kule anakokwenda, anaondoka. Zoezi hilo huitwa kusukumana mikono, na ndilo mahakama ya taichi. Mienendo ile ya polepole tunayoiona ni namna ya kuuandaa mwili ili siku ya kuguswa ujue la kufanya.

Ndiyo maana mwalimu wa kweli hushughulika na mambo ambayo mtazamaji hayaoni. Kichwa kinainuliwa na mgongo unanyooka, lakini kiuno kiko huru: mwanamke aliyebeba ndoo ya maji kichwani katika njia ya mabonde analijua hilo bila kufundishwa. Mabega na viwiko vinashuka. Mguu mmoja unajaa uzito na mwingine unakuwa mtupu, kisha inabadilishana, na hakuna dakika ambayo miguu yote miwili imebeba sawasawa mtu akasahau yuko wapi. Nguvu inaanzia unyayoni, inapanda kwa kujisokota kupitia goti, nyonga na kiuno, inatokea kwenye vidole. Ukoo wa Chen wanaliita jambo hili kusokota hariri, na kwao kiungo kikisogea peke yake, mwili uliobaki ukiwa umelala, hilo ni kosa.

Katikati ya karne ya 19 Yang Luchan alifika Beijing na kufundisha katika nyumba za wakuu wa utawala wa Qing. Watu wa mji mkuu walimwita Yang Asiyeshindika. Katika ukoo wake husimuliwa kwamba aliweza kumweka shomoro kiganjani na ndege asiweze kuruka, kwa kuwa kila alipokanyaga ili ajirushe, kiganja kilishuka naye. Iwe kweli au isiwe, aliyeitunga alikuwa anaijua taichi.

Kutoka mlango huo mmoja zikatoka nyumba nyingi. Wu Yuxiang, msomi wa Yongnian hiyo hiyo, alijifunza kwa Yang, kisha mwaka 1852 akaenda Zhaobao, jirani na Chenjiagou, kwa Chen Qingping. Kaka yake Wu, husemwa, aliokota katika duka la chumvi kurasa chache kuhusu taichi zinazohusishwa na mwandishi Wang Zongyue, na kurasa hizo ndizo zinazosomwa na wanataichi wa kila tawi hadi leo. Mmanchu Quanyou alifundishwa na akina Yang, na mwanawe Wu Jianquan akaipeleka mitindo yao Shanghai na Hong Kong. Sun Lutang alikuja baadaye, akachanganya na ngumi nyingine alizozijua. Mabinti nao waliingia: Wu Yinghua, binti wa Wu Jianquan, na Sun Jianyun, binti wa Sun Lutang, walikuja kuwa nguzo za mitindo ya baba zao, katika fani ambayo koo nyingi zilikuwa zikiwaficha mabinti siri ili wasiihamishie ukoo wa mume.

Taichi ya polepole inayofahamika duniani ni zaidi ya yote kazi ya Yang Chengfu, mjukuu wa Yang Luchan, aliyefariki 1936. Aliondoa miruko na vishindo, akapanua mikao, akausawazisha mwendo ili mzee, mgonjwa na karani wote waweze. Wapo wanaomlaumu kuwa aliifanya laini mno. Mimi namtetea. Kanuni zake kumi, alizoziandika mwanafunzi wake Chen Weiming, hazikulegeza lolote la msingi: kutumia nia badala ya misuli, kutenganisha kilichojaa na kilicho tupu, kutafuta utulivu ndani ya mwendo. Alichopunguza ni kelele.

Mwaka 1928 Chen Fake, wa kizazi cha 17, alitoka Chenjiagou akaja Beijing. Wenyeji waliozoea mtindo wa Yang wakashangaa kuona taichi inayokanyaga kwa kishindo na kulipuka ghafla. Wanafunzi wake walisimulia kwamba ujanani alikuwa akirudia mfululizo mzima hadi mara 30 kwa siku. Alifia Beijing mwaka 1957.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, serikali ilikuwa imetoa mfululizo mfupi wa mikao 24, uliotokana na mtindo wa Yang, unaomalizika kwa dakika tano hivi. Mamilioni waliujifunza katika bustani na viwanda. Ni mlango mzuri. Tatizo ni kwamba wengi waliishia mlangoni.

Kijijini penyewe mambo yalikuwa yamefika pabaya. Chen Zhaopei, aliyefundisha Beijing na Nanjing, alirudi mwaka 1958 akakuta vijana wanaojua ngumi za babu zao ni wachache mno. Akaacha kazi, akabaki kufundisha kwa gharama zake. Ikaja njaa kuu, iliyoupiga vibaya mkoa wa Henan, kisha mwaka 1966 Mapinduzi ya Utamaduni, ambapo mambo ya kale yalikuwa hatia. Mzee aliteswa na kudhalilishwa, lakini mafunzo yaliendelea kwa siri. Hata alipofariki 1972, alikuwa ameshawalea Chen Xiaowang, Chen Zhenglei, Wang Xi'an na Zhu Tiancai. Chen Zhaokui, mwana wa Chen Fake, akaja kuwaongezea aliyoyarithi kwa baba yake. Wanne hao ndio walioipeleka taichi ya Chen Ulaya, Marekani na Asia ya Kusini-Mashariki. Nikiulizwa nani katika tarehe hii yote anastahili kukumbukwa kwanza, simtaji mwanzilishi wala Asiyeshindika. Namtaja Chen Zhaopei.

Tarehe 17 Desemba 2020 UNESCO iliiingiza taichi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Ni heshima iliyostahili, ingawa haiwezi kufanya kazi iliyofanywa na mzee yule. Urithi huu haukai kwenye orodha wala kwenye video. Unapita kwa mkono wa mwalimu unaposhika kiuno cha mwanafunzi na kukigeuza mahali pake.

Basi msomaji, popote ulipo, ukimpata mtu anayesema anafundisha taichi, muulize alifundishwa na nani, na huyo naye na nani. Kisha mwombe mguse mikono. Akikataa, tafuta mwingine.